Mwanamke Awe na Mtumbwi Wake



Sokoni kwetu Adungosi mama huuza omena kwa gorogoro, nasi hubishana naye bei. Ni nani kati yetu aliyepata kumwuliza jinsi anavyoipata?

Omena huvuliwa usiku kwa taa. Katika fuo za Ziwa Victoria, tangu Port Victoria hapa Busia hata Homa Bay, wavuvi wengi ni wanaume, na wakaushaji na wauzaji wengi ni wanawake. Mtumbwi na nyavu mara nyingi ni mali ya mwanamume. Samaki wakiadimika, wako wavuvi wasiomwuzia mwanamke mpaka akubali kulala nao. Desturi hiyo yaitwa jaboya, nayo imesaidia kueneza ukimwi. Wengine husema hiyo ni tabia mbaya ya wanawake. Sivyo! Ni njaa, na ni kukosa chombo.

Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, waliungana. Walisaidiwa kupata mitumbwi yao, wakaajiri wanaume wawavulie. Basi mwenye mtumbwi akawa ndiye mpangaji. Lakini mbao huoza, na matengenezo yataka fedha. Kisha mwaka 2020 ziwa likafurika, likawafukuza makwao.

Fundisho ni hili: mtumbwi wa msaada pasipo akiba hautoshi. Chama kitoze ada kila siku ya soko. Hesabu isomwe mbele ya wote. Ubao mpya ununuliwe kabla wa zamani haujatoboka. Sheria ya ushirika ya 1997 iliruhusu watu kumi kuandikisha chama. Kumi tu! Hawakosekani katika ufuo wo wote.

Sisi wa reli twajua mambo haya. Mfanya kazi akisimama peke yake mbele ya tajiri hupewa apendacho tajiri. Tulipoungana ndipo tulipoanza kusikilizwa. Kwa nini basi elimu hiyo tuifungie katika ofisi ya chama? Wanaohangaika ufuoni ni dada zetu na mama zetu. Aliyejifunza kuweka daftari la fedha na kuendesha mkutano, siku yake ya mapumziko aende akawaonyeshe. Asiende kuwatawala, wao ndio wenye chama.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mfanya kazi wa Reli,
Adungosi