Kusi la Kuunga Udugu

Tangu mzee wangu astaafu, miezi ya kusi tumeifanya ya kuwazuru jamaa. Mwaka huu tulipanda gari-moshi Miritini hadi Nairobi kwa mwanetu. Wiki moja ikatosha, kwani nyumba ya mkazamwana haikaliwi mpaka mtu akachokwa. Kisha tukashika njia ya Lunga Lunga, tukavuka Horohoro, tukaingia Tanga kwa wifi yangu.

Bi mkubwa haoni tena. Kila Ijumaa kwa simu alikuwa akitwambia hajambo. La macho hakulitaja. Alimpapasa nduguye uso, akauliza, "Ndevu hizi umezifuga lini?" Mzee alicheka, kisha akatoka uani akakawia huko.

Tulinuia siku 3, tukanuia upya. Hata swala tukaacha kuzipunguza, maana aliyeazimia kukaa siku 4 kamili hahesabiwi msafiri. Nilimpikia, nikamsuka nywele. Usiku ndugu wawili hao wakiwahesabu waliotangulia mbele ya haki, wakibishana nani alianza.

Lamu hatukufika. Wajukuu wa huko wamenuna, nasi tumewapelekea nauli: likizo ya Agosti waje Tanga, wamwamkie bibi yao.