Sare mmeshona, Kosta mmelipia. Nani anatazama maji?

Watoto na sikukuu, sehemu ya 3

Wamama wa Mchikichini, na majirani zetu wa Ilala na Kariakoo, leo nitasema kwa ukali kidogo. Mnivumilie.

Sikukuu inakaribia na najua mipango ipo. Mchezo wa kila wiki umeshajaa, Kosta imeshapatikana. Wengine mnaenda Kunduchi kwenye yale mabwawa ya Wet 'n' Wild, wengine mnavuka kwenda Fun City, Kigamboni. Sawa kabisa. Mtoto anayekulia hapa, katikati ya mabanda ya mitumba ya Karume na honi za Barabara ya Uhuru, ana haki ya siku moja ya kuteleza kwenye maji na kupiga kelele mpaka sauti imkauke. Sina ugomvi na safari. (Wale wanaokopa kausha damu kwa ajili ya hiyo siku moja, ugomvi wao upo, lakini siyo leo.)

Leo nagombana na mpango wenyewe. Kwenye makundi ya WhatsApp mnabishana wiki mbili rangi ya sare. Mnajua nani analeta pilau, nani soda, nani spika, nani atapiga picha. Watoto 30, watu wazima 6, na katika hao 6 wawili ni mabinti wa kazi ambao wenyewe bado watoto, hawajui kuogelea, na bwawa wataliona siku hiyo hiyo. Kwenye orodha nzima hakuna jina la mtu ambaye kazi yake ni kutazama maji. Hakuna hata moja.

Nikiuliza, naambiwa: "Nesi, si kuna waokoaji pale?" Wapo, ndiyo. Lakini Idd Mosi au siku ya pili ya Krismasi mwokoaji anatazama vichwa mamia kwa wakati mmoja, na hajui kwamba yule mwenye kaptula ya njano ni Juma wako wa miaka minne aliyekuwa kwenye maji ya magotini, sasa amewafuata wakubwa. Wewe ndiye unayejua.

"Si amevaa boya?" Yale maboya ya mikononi na matairi ya kupuliza ni vitu vya kuchezea. Yanachomoka, yanatoboka, na tairi likipinduka mtoto anabaki miguu juu, kichwa chini. Jaketi okozi linalomkaa sawasawa na kufungwa mikanda yake ni kitu kingine. Hata hilo halichukui nafasi yako.

Halafu kuna jibu la tatu, hili ndilo linalonipandisha presha: "Siku ikifika imefika." Hapana jamani. Mbona Barabara ya Kawawa humwachii avuke peke yake ukasema siku ikifika? Unamshika mkono mpaka vidole vinauma. Mbona chandarua unachomekea kila usiku? Kwa gari na kwa mbu tunajua kinga ipo. Kwenye maji tu ndiyo tunakumbuka majaaliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5, na zaidi ya 9 katika kila 10 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Majaaliwa hayachagui nchi hivyo.

Mnakumbuka Tabora? Idd el-Fitri ya mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa kwa msongamano kwenye ukumbi wa disko toto. Tangu hapo kila sikukuu tunasikia polisi wakipiga marufuku disko toto, na sisi tunaitikia vizuri sana. Lakini ile tabia yenyewe, ya kuwapa watoto hela na kuwaachia waende kundi zima bila mkubwa wa kueleweka, hatukuipiga marufuku. Tumeihamishia kwenye mabwawa.

Sasa niwaambie jinsi inavyotokea, maana wengi mnasubiri kelele. Mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo unaibuka na kuzama, anapata nafasi ya kuvuta hewa tu, sauti haitoki. Mikono inakandamiza maji pembeni, haipungi. Kwa mbali unaona kama anacheza. Kwa mtoto mdogo ni chini ya dakika moja anakuwa ameshazama, na ubongo ukikosa hewa dakika 4 hadi 6 unaanza kuharibika. Dakika hizo ni za kupanga foleni ya chipsi. Ni za baba kuangalia goli la Simba na Yanga kwenye simu na kubishana kama lilikuwa la kuotea.

Kwa hiyo kabla ya sare, pangeni zamu. Dakika 20 kila mmoja, mtu mzima, simu yake ipo kwenye mkoba wa mwenzake. Mpeni kofia moja ya rangi kali. Anayevaa kofia ndiye macho yetu. Haondoki mpaka amvishe mwenzake na kumwambia kwa mdomo, "Zamu yako." Watoto wa chini ya miaka mitano hawaingii kwenye hesabu hiyo: kila mmoja na mkubwa wake, ndani ya maji, umbali wa mkono. Kama mtu mzima wa kutosha hakuna, punguzeni watoto. Ndiyo, nimesema punguzeni, hata kama wameshachangiwa.

Mkienda Karume kuchagua nguo za kuogelea, chukueni chungwa, nyekundu au kijani kinachowaka. Bluu inapotelea majini.

Hujui kuogelea? Wengi wetu hatujui, sisi maji tunayoyajua ni ya Msimbazi yakifurika. Usimrukie mtoto, mtazama wawili. Ita mwokoaji kwa sauti, mrushie dumu tupu lililofungwa kizibo, au lala chini umnyooshee kanga ashike. Na anzeni kufikiria kuwafundisha watoto. Msiniambie kuogelea ni kwa watoto wa Masaki: kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umefundisha wasichana wa kijijini kuogelea wakiwa wamejisitiri kwa burkini.

Akitolewa majini hapumui, tafadhali msimning'inize kichwa chini, msimzungushe, msimkamue tumbo. Matapishi yataingia kwenye mapafu na muda unapotea. Mlaze chali, inua kidevu, mzibe pua, mpulizie pumzi 5 mpaka kifua kipande. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, haraka na kwa nguvu, pumzi 2, tena 30, bila kuacha, wakati mwenzako anatafuta msaada na gari. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Akizinduka bado anaenda hospitali, hata kama anacheka. Akikohoa, akihema haraka au akisinzia baadaye, ni hatari. Na sisi tumezoea Amana na Muhimbili zipo hapa hapa. Ukiwa Kunduchi, kati yako na Muhimbili kuna foleni ya Mwenge. Ulizeni hospitali ya jirani mkifika, kabla ya kuvua viatu.

Mwenye kifafa asiingie majini bila mkubwa wa kwake peke yake, na yale mabomba ya kuteleza ayaache. Mwenye selimundu, ile mnayoiita sikoseli, baridi ya maji inaweza kumwamshia maumivu: muda mfupi, atoke, akaushwe, avae nguo kavu, anywe maji mengi.

Sehemu ya 4 ni lile pilau linalopikwa alfajiri likaliwa saa tisa. Maswali andikeni hapa chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.