Daktari wako akipewa ofisi, wewe unapoteza nini?

Huenda jambo hili limekukuta. Umempeleka mtoto kliniki ya selimundu, umekaa foleni tangu asubuhi, na ukiingia chumbani unamkuta daktari usiyemjua. Yule aliyemhudumia mwanao kwa miaka sasa ni mganga mfawidhi, yuko jengo la utawala. Kwenye benchi watu wanasema, "Amepanda cheo, ametukimbia."

Nawaelewa, lakini sikubaliani nao moja kwa moja.

Kumpata daktari huchukua miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa utarajali. Akitaka ubingwa wa watoto, anaongeza miaka 3. Kisha inahitajika miaka mingine mingi wodini mpaka jicho lake lizoee kumtambua mtoto anayezidiwa kabla hata vipimo havijarudi. Akifika hapo ana miaka 40 na kitu, na huo ndio umri wa kuitwa ofisini: kupanga zamu, kuagiza dawa, kusimamia bajeti, kujibu hoja za ukaguzi na kusuluhisha watumishi.

Je, kazi hiyo inamsaidia mgonjwa? Inamsaidia sana. Chukua mfano wa mtoto anayezaliwa bila kupumua. Anatakiwa asaidiwe ndani ya dakika 1 ya kwanza, kwa mfuko wa kumpulizia hewa na barakoa inayoenea uso wake mdogo. Mimi naweza kuifanya kazi hiyo vizuri, lakini siwezi kukaa leba kila usiku. Mtoto wa saa 9 usiku anamtegemea mkunga aliye zamu: je, amefundishwa? Mfuko upo mezani, au umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amelala nyumbani? Majibu ya maswali hayo yanatoka ofisini.

Tena siku hizi ofisi ya kituo ina uzito zaidi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, Serikali ilianza kupeleka sehemu ya fedha za afya moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Zahanati yenye msimamizi makini hupanga mapema na kuagiza dawa kabla hazijaisha. Kwingine unaandikiwa dawa, unaambiwa ukanunue duka la nje.

Kwa hiyo sina ugomvi na daktari anayekwenda ofisini. Ugomvi wangu ni na namna tunavyomchagua. Tunamtazama aliye hodari wodini, tunampa madaraka kama zawadi, bila kumuuliza kama anaitaka kazi hiyo na bila kumfundisha. Kutibu na kusimamia ni fani mbili. Mtu anaweza kuwa bingwa wa kusikiliza kifua cha mtoto na asiweze kusoma taarifa ya fedha wala kumwambia mtumishi mzembe ukweli. Akishindwa, tumepata hasara mara mbili: wodi imempoteza daktari mzuri, na ofisi imepata msimamizi dhaifu.

Kwenye karatasi, daktari anaweza kupanda ngazi huku akiendelea kutibu. Lakini heshima ya mtaani inakwenda kwa mwenye ofisi. Hata ndugu zetu wanatuuliza, "Mpaka leo bado unatibu tu?" Swali hilo limewaondoa wengi kitandani kwa mgonjwa.

Nami mwaka huu nimeombwa kushika madaraka. Jibu langu lilikuwa kwamba sitaondoka kliniki mpaka niwe nimekaa na daktari mdogo miezi kadhaa, awajue watoto wangu wa selimundu na kifafa, nao wamjue. Baada ya hapo nitakwenda, mradi nipate mafunzo ya usimamizi na siku moja ya kliniki kila wiki. Wapo walioona naringa. Mimi naona huo ndio uwe utaratibu kwa kila daktari: makabidhiano kwanza, mafunzo, na mlango wa kurudi wodini ukiwa wazi. Msimamizi ambaye hagusi tena mgonjwa husahau upesi foleni inavyouma.

Na wewe mzazi una la kufanya. Usiache kichwa cha daktari mmoja kiwe ndiyo faili la mwanao. Tunza daftari lake la kliniki. Jua kwa jina dawa anazotumia na kipimo chake. Ukisikia daktari wako anahama, omba akuandikie muhtasari: ugonjwa, dawa, mara alizolazwa, alizoongezewa damu, na dawa zinazomdhuru. Ukikutana na mgeni, mweleze yasiyoandikwa, kama vile maumivu ya mwanao huanzia wapi.

Usisimamishe dawa kwa sababu daktari amebadilika. Na mtoto mwenye selimundu akipata homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, akihema kwa shida, au akipauka ghafla, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usianze kupiga simu kumtafuta daktari wako wa zamani.

Mwisho, vituo vya umma vina kamati za usimamizi zenye wawakilishi wa wananchi. Mfahamu mwakilishi wako. Muulize nani yupo zamu usiku, dawa zipi zimeisha, na mfuko wa kumsaidia mtoto mchanga uko wapi. Majibu yake yatakuonyesha kama yule daktari aliyekwenda ofisini bado anakuhudumia.