Mto ni Wetu, Mafundi ni wa Wapi?

Kila zinapotoka habari za Ruzizi III, neno linalosikika kuanzia Uvira hata Sange, Luvungi na Kamanyola ni moja: kazi zitakuja. Asiye na kazi huwa tayari kutoa hata kuku wake wa mwisho ili jina lake liandikwe mbele katika karatasi ya mtu asiyemjua. Hatuwacheki watu hao. Njaa si jambo la kuchekwa. Lakini twataka kuuliza swali ambalo wanasiasa wetu hawapendi kuliuliza: kazi gani, kwa muda gani, na kwa mshahara gani?

Tuutazame mto wenyewe kwanza. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, mahali palipo juu ya bahari kwa mita 1,460 hivi, na kuingia Tanganyika, mita 770 hivi. Basi maji hayo yanashuka karibu mita 700 katika safari fupi sana. Mungu hakuwapa watu wengi zawadi ya namna hiyo mlangoni pa nyumba zao. Wakoloni waliliona jambo hilo, wakajenga Ruzizi I karibu na Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II ikafuata mwaka 1989, mali ya SINELAC, shirika la nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Ya kwanza ina nguvu ya megawati zipatazo 30, ya pili megawati 44 hivi. Ruzizi III inayongojewa imepangiwa megawati 206, yaani karibu mara tatu ya hizo mbili pamoja.

Hesabu hizo ni nzuri. Lakini hesabu ya megawati si hesabu ya mikate.

Watu wengi hudhani kwamba mtambo mkubwa huleta kazi nyingi daima. Sivyo. Kazi nyingi ni za kujenga: kuchimba, kuvunja miamba, kubeba mchanga, kumwaga saruji. Jirani zetu Watanzania walipojenga bwawa la Nyerere katika mto Rufiji, kuanzia mwaka 2019, maelfu ya watu walipata kazi. Sasa turbini tisa zinazunguka na kutoa megawati 2,115, nao wale maelfu wamekwisha kurudi makwao. Saruji ikikauka, mwenye koleo huagwa. Wanaobaki ni makumi, tena ni watu wa namna nyingine: anayejua kusikiliza mlio wa turbini na kutambua kwamba kikombe cha mtambo kimeanza kulika, anayejua kuzisuka upya nyaya za jenereta, anayepima maji ya mto kila siku na kuandika, anayeunga chuma pasipo kuacha tundu, anayelinda kabini ya umeme isiungue na kuua watu. Hao ndio watakaokula kwa mto huo miaka thelathini au arobaini.

Na hao ndio tusiowaandaa.

Fundi wa namna hiyo hapatikani kwa tangazo la redio. Yahitaji miaka mitatu au minne ya shule, na mingine miwili mitatu chini ya fundi mzee. Basi kama mtambo utafunguliwa nasi hatujaanza leo, tutaambiwa kwa upole kwamba hakuna mtu wa hapa aliyefaa, nao watakuwa wamesema kweli. Ndipo tutakapoanza kunung'unika juu ya wageni. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 na amri zake huweka mpaka wa idadi ya wageni katika kampuni, na sheria ya Februari 2017 yaagiza kwamba kazi ndogo ndogo ambazo kampuni kubwa hazifanyi zenyewe zipewe makampuni ambayo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongo. Ni sheria nzuri. Lakini sheria haiwezi kuunga waya. Tena kampuni ya Mkongo aliye mbali, mwenye ofisi na barua tu, ikiwachukua vijana wetu kwa kibarua cha siku na kuwaacha bila ujuzi wowote, tumefaidi nini kwa kuwa mwenye kampuni ni ndugu yetu?

Twafikiri pia juu ya mshahara. Mwaka 2018 kima cha chini cha siku kiliwekwa kuwa faranga 7,075. Zikapita bei nyingi sokoni kabla Serikali haijaagiza faranga 14,500 mwaka 2025, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Mama anayenunua unga na ndagala Mulongwe hahitaji kuelezwa maana ya miaka saba ya kungoja. Na kuna ubaya mwingine usio na bei katika sheria: kijana mwenye diploma anaitwa mwanafunzi wa kazi, stajieri, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa nne. Anapanda nguzo kama wengine, anapigwa na mvua kama wengine, na mwisho wa mwezi anapewa pole. Huo si ufunzi. Ni kumla mtu jasho lake, nayo Kanisa halikungoja siku hizi kulisema. Papa Leo XIII aliandika juu ya ujira wa haki mwaka 1891.

Wengine watatuambia: mafundi wa umeme ni wezi, humuunganishia mtu waya usiku kwa kitu kidogo. Wapo, hatukatai, na mwizi ni mwizi. Lakini tazama njia iliyomfikisha hapo. Mtu asiyelipwa mwezi wa tatu, naye ana funguo za kabini, amewekwa katika majaribu na yule aliyempa funguo bila mshahara. Na waya uliofungwa usiku na mkono wa haraka huchoma nyumba ya jirani asiye na kosa. Mwaka 2022, tarehe 2 Februari, waya mkubwa wa umeme ulianguka sokoni Matadi-Kibala, Kinshasa, ukaua watu 26. Hatusemi kwamba ajali ile ilitoka kwa wizi. Twasema kwamba umeme ni kitu cha kutunzwa kila siku na watu walioshiba na wanaojua kazi yao.

Tena husemwa kwamba pesa hazipo. Je, kweli? Mgodi wa Kamoa-Kakula, kule karibu na Kolwezi, umelipia kutengenezwa upya kwa turbini ya tano ya Inga II, kwa sababu wachimba shaba wanahitaji umeme. Kumbe chuma kikihitajiwa na tajiri, pesa huonekana. Kijana wa Kavimvira akihitaji shule, pesa zimekwisha.

Hata hivyo tusiwaachie wakubwa lawama yote. Katika nyumba zetu, mtoto mwenye akili hupelekwa kusoma sheria au siasa, na yule aliyeshindwa ndiye huambiwa aende shule ya ufundi. Twajua familia zinazoona haya kusema kwamba kijana wao anavaa nguo yenye mafuta ya mashine. Na huko Bukavu tangu zamani iko shule ya Fundi Maendeleo, na INPP, taasisi ya Serikali ya kufundisha kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ina mlango huko pia. Wangapi kutoka bonde la Ruzizi wamepelekwa? Mwanasheria asiye na mteja tunao katika kila barabara ya Uvira. Mtu wa kutengeneza pampu ya maji, hutafutwa siku tatu.

Na Ruzizi I yatuonyesha jambo jingine. Takataka za plastiki hutoka Ziwa Kivu, hufika mlangoni mwa mtambo na kuuzuia, hata mashine husimama, nayo miji hukaa gizani. Watu wanaozivuta takataka hizo, wengine kwa kupiga mbizi, wanafanya kazi ya umeme sawa na mhandisi mwenye kofia nyeupe. Wahesabiwe hivyo siku ya mshahara.

Kuna pingamizi moja kubwa: vita. Bukavu iliangukia mikononi mwa M23 Februari 2025, Uvira nayo ikaingiwa Desemba mwaka ule ule, na maelfu wakavuka mpaka kwenda Burundi. Nani atafikiri shule wakati huo? Twajibu: aliyevuka na cheti cha kazi kichwani na mikononi mwake alivuka na kitu kisichoporwa kizuizini. Waliovuka na mashamba yao waliyaacha nyuma.

Basi wajumbe wa Ruzizi III wakija kukutana na wananchi, wasiulizwe tu juu ya vibarua. Waulizwe vijana wangapi wa ukingo huu wa mto, wasichana wakiwamo, watafundishwa kazi ya turbini kabla mtambo haujawashwa. Katika shule gani. Nani atalipa karo. Na mshahara wao utakuwa kiasi gani siku watakapopewa funguo. Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi, na nakala ibaki parokiani.