Tundu la HDMI Halijaungua, Wekeni Bisibisi Chini

Jamani, huu mchezo tuuache. Laptopu ya mitumba ikikataa kutoa picha kwenye skrini ya nje au projekta, neno la kwanza la fundi huku kwetu ni "mothabodi imeungua". La pili ni bei. Kati ya hayo mawili hakuna kipimo hata kimoja kilichofanywa.

Sikatai, Kisii tuna radi kama tunalipwa, na matundu huungua kweli. Lakini kabla ya kumtangaza marehemu si umshike kwanza mshipa?

Chanzo cha vurugu hii ni kwamba laptopu nyingi za kazi nzito, zile ambazo ofisi za Ulaya huzichoka nasi tukazinunua, zina chipu mbili za grafiki. Moja ndogo, ya Intel, haili umeme mwingi. Nyingine kubwa, mara nyingi ya NVIDIA, huamshwa kukiwa na kazi. Mpango huu wa kupokezana, Optimus, NVIDIA iliutangaza Februari 2010. Kwa kawaida skrini ya laptopu yenyewe hufungwa kwenye Intel: chipu kubwa ikichora kitu, hukinakili hadi kwenye kumbukumbu ya Intel, na Intel ndiyo inayokionyesha. Na tundu la nje? Hapo kila kiwanda kilijifanyia kitakavyo. Chukua ThinkPad W520 na W530. Matundu yao ya skrini ya nje yameungwa kwenye NVIDIA. Ingia BIOS uchague Intel peke yake ili betri idumu, halafu chomeka skrini. Giza. Nunua waya mpya, giza. Hakuna kilichoungua, ila waya unaelekea kwenye chipu uliyoizima mwenyewe.

Matokeo ni yale yale muuzaji akiweka Windows mpya bila draiva ya NVIDIA. Kwenye Linux, Secure Boot ikiwa imewashwa na draiva haina sahihi inayotambulika, kerneli huikataa kimya kimya na tundu linabaki shimo tu. Mwalimu mmoja wa hapa Keumbu alitajiwa gharama iliyokaribia nusu ya bei ya laptopu yenyewe. Tatizo lilikuwa hiyo sahihi. Dakika kumi, na moja ya hizo nilikuwa nakunywa chai.

Basi fundi, fanya hivi. Chomeka skrini, anzisha Ubuntu, andika:

grep . /sys/class/drm/*/status

Jina lenye eDP au LVDS ni skrini ya laptopu. Ukiona jina jingine limeandikwa "connected", tundu liko hai, na nambari baada ya "card" inakuonyesha liko upande wa chipu gani. Usipoliona, andika lspci -k utazame kama chipu ya pili ina draiva inayotumika. Haina? Hiyo ni kazi ya programu. Haionekani kabisa? Rudi BIOS uone kama imezimwa. Kwenye Windows, paneli ya NVIDIA ina ukurasa wa PhysX unaochora kila tundu na chipu yake. Ukimaliza hayo yote na bado ni giza, haya, fungua.

Wenye viwanda nao wasijifiche nyuma ya fundi. Wana sababu zao: chipu za Intel za kizazi cha Sandy Bridge, mwaka 2011, ziliweza kuendesha skrini mbili tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kulipeleka tundu kwenye chipu kubwa kulikuwa na maana. Lakini ni sababu gani ya kutoliandika hilo kwenye karatasi ya maelezo? Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, Linus Torvalds aliionyesha NVIDIA kidole cha kati mbele ya kamera. Watu wanakumbuka kidole. Wanasahau kwamba aliyeuliza swali alikuwa mtu aliyenunua laptopu ya Optimus na haikumfanyia kazi ipasavyo kwenye Linux. Tangu hapo mambo yamepata nafuu, na Mei 2022 NVIDIA ilitoa wazi msimbo wa moduli zake za kerneli. Ila laptopu zinazouzwa mitaani kwetu nyingi ni za kabla ya nafuu hiyo.

Mama anayeuza ndizi hapa kando ya barabara ya Keroka hukuacha uugeuze mkungu pande zote kabla hujatoa pesa. Duka la kompyuta linakubandikia "HDMI ipo" na limemaliza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua. Kwa laptopu ya chipu mbili, habari hizo ni sentensi moja: tundu hili linategemea NVIDIA, draiva yake iko ndani, na tumelijaribu na skrini mbele yako. Muuzaji asiyeweza kukuandikia hiyo kwenye risiti, mwachie laptopu yake.