Tusimcheke aliyehamia vitufe saba



Leo nataka kuongea kuhusu gemu za mdundo. Najua wapo watakaosema: watu tunalilia maji na vitambulisho, huyu anatuletea magemu. Sawa, lakini nisomeni mpaka mwisho kwanza.

Kwa asiyezijua, ziko hivi. Wimbo unapigwa, vidude vinashuka kwenye skrini kwa njia zake, na kila njia ina kitufe chake. Kidude kikifika chini unabonyeza, sawasawa na mdundo. Ukiwahi au ukichelewa, alama zinapungua. Gemu hizi hazikuanza juzi. Mwaka 1997 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa beatmania, yenye vitufe vitano na sahani ya kuzungusha kama ya DJ. Mwaka 1999 ikaja beatmania IIDX, vitufe saba. Sisi huku upande wa Palma wengi tunacheza osu!, iliyoanzishwa na Dean Herbert wa Australia mwaka 2007, kwa sababu ni ya bure na wimbo ukishaupakua unaupiga bila intaneti. Ndani yake kuna upande wa mania, ambako unachagua njia nne, tano, sita, saba, upendavyo.

Shida ninayoiona ni hii. Jumamosi kwenye hema la vijana tunashindana, na wote tunashindana kwa vitufe vinne. Aliyezoea anapata asilimia 97, anashangiliwa. Siku akijaribu saba anapata 60, wimbo unamkatikia katikati, watu wanacheka: "Braza, umeshuka!" Wiki inayofuata amerudi kwenye vinne vyake. Mwaka mzima yuko palepale, na sisi tunamwita bingwa. Kwa maoni yangu tunamsifu mtu kwa kusimama.

Kuhama kutoka vinne kwenda saba ni kazi nyingine kabisa. Kwenye vinne unatumia kidole cha shahada na cha kati, kila mkono. Kwenye saba kinaingia kidole cha pete pande zote mbili, na dole gumba linashika kitufe cha katikati. Jaribu sasa hivi: weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, halafu inua kidole cha pete peke yake. Hakiinuki, au kinainuka kidogo sana. Mishipa yake imefungamana na ya jirani yake. Kwa hiyo mtu anayekosea kwenye saba asiambiwe ni mzembe, anafundisha kidole ambacho hakijawahi kufanya kazi peke yake. Na macho nayo yanaanza upya. Kama tulivyosoma ba-be-bi kabla ya kusoma neno zima kwa mara moja, ndivyo na hapa: mwanzoni unaona kidude kimoja kimoja, baadaye unaona umbo la vidude vitatu vinavyoshuka pamoja na mkono unajua pa kwenda.

Sasa wanaotaka kuhama kweli, haya ndiyo ninayoyaona yanasaidia.

Pitia tano na sita kabla ya saba. Tano inakufundisha dole gumba, sita inakufundisha kidole cha pete, halafu saba unaviunganisha. Chagua nyimbo rahisi kuliko unavyodhani unastahili. Ikibidi washa Half Time, wimbo unashuka mpaka asilimia 75 ya kasi yake.

Kasi ya vidude kushuka ni jambo lingine, msichanganye. Wengi wakishindwa wanaipunguza, na vidude vinarundikana kama samaki kwenye ndoo. Ukiiongeza kidogo vinaachana, unaviona vizuri, na wimbo wenyewe haujabadilika.

Tumia hedfoni za waya, maana za Bluetooth zinachelewesha sauti na wewe unajilaumu bure. Simu iweke mezani, usiishike mkononi. Kuna simu za bei nafuu ambazo skrini yake inatambua vidole viwili tu kwa pamoja, hizo kwa saba hazifai. Ukipata kibodi ya kuunganisha kwa waya wa OTG ni bora zaidi.

Na mwisho, dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Ubongo unaendelea kupanga kazi ya vidole ukiwa umelala. Utashangaa sehemu iliyokushinda jana, leo inapita. Kwa sisi tunaogombania chaji ya sola hiyo ni habari njema, robo saa inatosha. Kiganja kikiuma, acha.

Haya, kwa nini nasema kuna jambo kubwa hapa? Kuna kijana mmoja hapa kambini, katoka Mocímboa da Praia. Shule aliiacha vita ilipofika. Baadaye nafasi ikapatikana, akarudishwa darasani na watoto anaowazidi miaka mitano au sita. Alikaa wiki mbili tu. Hesabu alikuwa anaziweza. Vicheko ndivyo vilivyomtoa, kila alipokosea neno la Kireno. Kijana huyohuyo ndiye bingwa wetu wa vitufe vinne, na vitufe saba hagusi mbele za watu. Mimi sioni kama hayo ni mambo mawili. Amejifunza kwamba ukionekana unaanza, unadharauliwa.

Gemu haitamrudisha mtu shuleni, sidanganyi. Ila sisi wengi wetu tumelazimika kuanza upya kila kitu: mtaa, kazi, lugha ya ofisini, hata marafiki. Mtu asipopata sehemu hata moja ya kuwa mwanagenzi bila kuchekwa, atabaki kwenye kile anachokiweza tu. Kwenye ngoma zetu hatukuwa hivi. Mtoto anakaa pembeni ya wakubwa, anapewa mdundo mmoja aushikilie, akipotea wakubwa wanaendelea mpaka anaingia tena. Hakuna anayemwambia katia aibu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na kaka na dada wa mashirika mnisikilize hapa. Kwanza, mashindano ya vinne yabaki, ni raha yetu, lakini kuwe na meza ya pili ya wanaohama, na meza hiyo isiwe na ubao wa alama. Pili, tuwe na daftari: kila mmoja aandike asilimia yake ya leo na ya mwezi uliopita, na zawadi ya mwezi imwendee aliyejishinda mwenyewe zaidi. Aliyetoka 55 akafika 75 kwenye saba kafanya kazi kubwa kuliko aliyetoka 97 akafika 97 na nusu. Tatu, wasichana wapewe saa yao hapo mezani. Wengi wanacheza vizuri nyumbani lakini hemani wanaishia kutazama kwa sababu simu na kibodi tumezing'ang'ania sisi wanaume.

Gharama yake ni daftari na kalamu. Hatuombi mradi mpya.

Nimeongea na wenzangu wawili wa hema, wamekubali kuanzisha meza ya pili Jumamosi hii. Mabingwa wa vinne, ninyi ndio tunaowahitaji mkae hapo wa kwanza, mkosee watu wakiona. Wadogo wakiwaona ninyi mnakosea na mnaendelea, nao watakaa.