Nani Ashike Mizani? Makampuni Binafsi na Elimu ya Vijijini katika Shinyanga na Geita

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na lalamiko moja kubwa, nalo lilihusu mizani. Mkulima alilima, akapalilia, akavuna, kisha akapeleka pamba yake kwenye kituo cha kununulia. Huko uzito ulisomwa na mnunuzi, ukaandikwa na mnunuzi, na malipo yakakadiriwa na mnunuzi huyo huyo. Dawa waliyoitafuta wakulima haikuwa zawadi kutoka kwa wafanyabiashara. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wajuao kusoma mizani na kuandika hesabu, wasimame kando ya mnunuzi na kuhakiki. Kutokana na juhudi hizo vyama vya ushirika vilikua, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Shirikisho hilo lilifikia hatua ya kumiliki viwanda vyake lenyewe vya kuchambua pamba.

Kisa hicho chafaa kukumbukwa kila linapozungumzwa suala la mchango wa makampuni binafsi katika maendeleo ya vijiji. Katika Mkoa wa Shinyanga, na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, si jambo geni kuona darasa, nyumba ya mwalimu, kisima au zahanati iliyojengwa kwa fedha za mgodi. Wapo wanaoyasifu majengo hayo kuwa ndiyo maendeleo yenyewe. Wapo pia wanaoyabeza, wakisema kwamba ni makombo ya karamu kubwa. Pande zote mbili huhesabu majengo, ilhali swali lenye uzito ni jingine: je, kampuni ikishaondoka, wanakijiji watakuwa na ujuzi gani ambao hawakuwa nao ilipofika?

MGODI UNA UMRI

Mwanafunzi wa jiografia anafahamu kwamba madini hayaoti tena kama pamba. Miamba yenye dhahabu ya Geita na Kahama ina umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu, lakini mgodi unaoichimba huweza kumaliza kazi yake katika muda wa kizazi kimoja. Geita ni shahidi wa jambo hilo. Kati ya mwaka 1936 na 1966 mgodi wa Geita ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu katika Afrika Mashariki, nao ulitoa karibu wakia milioni moja. Kisha ukafungwa. Ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla ya mgodi mkubwa wa kisasa kuanza kutoa dhahabu hapo mwaka 2000. Karibu na mji wa Kahama, mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuukomesha mwaka 2021. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka mgodi huo ulipofunguliwa alikuwa bado kijana wa sekondari ulipofungwa.

Mwadui nayo ina fundisho lake. Mnamo Machi 1940 Dkt. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi mahali hapo, katika eneo ambalo leo limo ndani ya Wilaya ya Kishapu. Mwamba wenye almasi hizo, uitwao kimbalaiti, una eneo la hekta 146 juu ya ardhi, na ni miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya aina yake iliyopata kuchimbwa kwa faida duniani. Williamson alijenga mji mzima: nyumba, shule, hospitali, mitambo ya umeme na kiwanja cha ndege. Hakuna awezaye kukana kwamba ilikuwa kazi kubwa. Hata hivyo huduma hizo zilikuwa za mji wa mgodi, na hatima yake ilifungamana na hatima ya mgodi. Williamson alifariki mwaka 1958, na mgodi ukauzwa kwa kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni kwa hisa sawa. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania iliushika mgodi wote. Mwaka 1994 De Beers ikarudi, na mwaka 2009 ikaipisha kampuni ya Petra. Huduma inayotegemea hisani ya mwenye mgodi haina budi kuyumba kila mwenye mgodi anapobadilika.

HAKI KABLA YA HISANI

Jambo la kwanza, basi, ni kutenganisha haki na hisani. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo ya kampuni. Lakini kwa miaka mingi mikataba ya baadhi ya migodi mikubwa iliweka kiwango kisichobadilika cha dola 200,000 kwa mwaka, hadi ilipofika mwaka 2014 ndipo malipo ya asilimia 0.3 yalipoanza. Mwalimu wa hisabati anaweza kuufanya mfano huu uwe zoezi la darasani. Tuseme mgodi umeuza dhahabu ya dola milioni 400 kwa mwaka. Asilimia 0.3 ya fedha hizo ni dola 1,200,000, yaani mara sita ya kile kiwango cha zamani. Tofauti ya dola milioni moja kila mwaka ingeweza kujenga madarasa mengi, nayo isingehitaji hafla ya kukata utepe wala hotuba ya shukrani.

Aidha, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, katika kifungu cha 105, yanamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri husika juu ya mpango huo, kwa kufuata vipaumbele vya jamii yenyewe. Halmashauri nayo imepewa wajibu wa kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Hii ni hatua njema, kwani mchango uliokuwa hiari umekuwa wajibu wenye utaratibu. Lakini sheria haijisomi yenyewe. Wajumbe wa bodi ya shule wasioweza kusoma makadirio ya ujenzi, au kuuliza bei ya mfuko wa saruji imetoka wapi, watatia saini mpango wowote watakaoletewa. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

ELIMU GANI?

Hapa ndipo suala la elimu linapokutana na lile la mizani. Mchango ulio bora kuliko yote ambao kampuni inaweza kuutoa kwa kijiji ni ule unaokiwezesha kijiji kuipima kampuni yenyewe. Kwa lugha ya shule, huo ni mchango kwa ufundishaji wa sayansi na hisabati.

Shule za sekondari za kata nchini kote ziliagizwa kuwa na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichangia fedha na nguvu zao, na kuta zikasimama. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, haja ya vyumba imezidi kuongezeka. Lakini chumba kisicho na bureti, hadubini, mizani nyeti wala mwalimu wa fani hiyo ni chumba tu, hata kikiandikwa "Maabara" mlangoni. Mgodi una mafundi wanaopima kiasi cha dhahabu katika mwamba, ubora wa maji, mtikiso wa ardhi na uimara wa mabwawa. Saa chache za wataalamu hao katika shule jirani kila mwezi, pamoja na vifaa na kemikali salama za kufundishia, zingeweza kuzaa matunda kuliko madawati mia yenye nembo ya kampuni.

Wala haja ya ujuzi huo si ya mtihani peke yake. Katika machimbo madogo, kama yale ya Nyarugusu wilayani Geita, wachimbaji hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki iondoke. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi, na dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Ndiyo maana moja hugeuka mvuke na nyingine ikabaki. Mvuke huo hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na zebaki inayofika mitoni na ziwani hugeuzwa na bakteria kuwa sumu inayolimbikizana katika samaki. Mwanafunzi aliyefundishwa kemia hiyo kwa mfano wa nyumbani kwao ataweza kumweleza baba yake sababu ya kuchomea zebaki ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kuupoza na kuunasa mvuke. Aliyeikariri kwa ajili ya mtihani ataisahau baada ya mtihani.

Vivyo hivyo, tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi ya majirani. Uimara wa bwawa ni jukumu la mwenye bwawa na wakaguzi wa Serikali. Hilo halina mjadala. Hata hivyo kijiji chenye vijana wanaofahamu shinikizo la maji, na wanaoweza kudai takwimu za vipimo na kuzielewa, kina macho ya ziada.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Yapo mashaka mawili yanayostahili jibu. La kwanza husema kwamba kampuni ikishalipa kodi imemaliza wajibu wake, na kufundisha ni kazi ya Serikali. Ni kweli kwamba mtaala, ajira ya walimu na mitihani haviwezi kukabidhiwa kwa mfanyabiashara. Lakini mgodi huchukua ardhi, maji na utulivu wa kijiji fulani, ilhali kodi huingia katika hazina ya taifa zima; kijiji hicho kinastahili fidia ya ujuzi. La pili husema kwamba kampuni haitawafundisha watu watakaokuja kuihoji. Mifano yaonyesha kwamba ushirikiano wawezekana. Mwaka 2009 Chemba ya Madini na Nishati, pamoja na VETA, ilianzisha mafunzo ya ufundi wa migodini katika chuo cha VETA Moshi. Mjini Geita, Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu ilijengwa kwa fedha za mgodi. Kampuni zenyewe huhitaji mafundi, na hupata hasara pale ambapo uvumi umechukua nafasi ya takwimu. Lakini kijana wa Bugarama au Nyarugusu atafika Moshi iwapo tu sekondari ya kata yake imemfundisha fizikia na hesabu.

Kwa hiyo yafaa kila mpango wa mwaka kati ya mgodi na halmashauri uwe na fungu la ufundishaji wa sayansi, na kwamba walimu wa masomo hayo waitwe wakati mpango unapotungwa, si siku ya makabidhiano. Yafaa pia hesabu za mpango zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na wa shule, ili wanafunzi wazijumlishe wenyewe na kuona kama zinakwenda sawa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Wakulima wa pamba wa Usukuma waliuelewa msemo huo kwa namna yao: mgeni walimkaribisha na pamba walimwuzia, lakini hawakumwachia mizani peke yake.